Biokemia katika chuo kidogo: maabara isiyo na wanafunzi wa uzamivu

Chuo kidogo cha sanaa huria nchini Marekani hufundisha shahada ya kwanza peke yake, kwa miaka minne, na kwa kawaida wanafunzi wake hawafiki elfu tatu. Wengi wao hulala mabwenini, hatua chache kutoka madarasani. Swarthmore cha Pennsylvania, kilichoanzishwa mwaka 1864, kina wanafunzi wapatao 1,600. Grinnell cha Iowa na Pomona cha California havipishani nacho sana. Vyuo hivi hufundisha fizikia, kemia na biolojia kwa uzito ule ule wa historia, falsafa na muziki, na mwanafunzi wa sayansi hulazimishwa, au angalau husukumwa, kugusa pande zote. Darasa la biokemia la mwaka wa tatu laweza kuwa na watu kumi na watano, na mhadhiri akawajua wote kwa majina kabla ya wiki ya pili kwisha.

Kitu kimoja kwa kawaida hakipatikani katika vyuo hivi, nacho ndicho kinachoamua mengi kati ya yale yanayofuata: wanafunzi wa uzamivu.

Katika chuo kikuu kikubwa cha utafiti, profesa wa biokemia huongoza kundi la wanafunzi wa uzamivu na watafiti waliokwisha kupata udaktari. Hao ndio wanaokuza bakteria, wanaosafisha protini na wanaoandika rasimu ya kwanza ya makala. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akibahatika kuingia humo hukabidhiwa kwa mmoja wao, na profesa mwenyewe humwona kwenye kikao cha wiki. Hata mazoezi ya maabara ya darasani mara nyingi husimamiwa na wanafunzi wa uzamivu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Chuo kidogo hakina jeshi hilo. Anayetoa mhadhara asubuhi ndiye anayesimama maabarani mchana na ndiye anayesahihisha ripoti, na akitaka kuendeleza utafiti wake hana mikono mingine ya kutegemea isipokuwa ya vijana wa miaka kumi na tisa na ishirini. Nguvu ya elimu hii inatoka hapo, na udhaifu wake unatoka hapo hapo.

Biokemia yenyewe ni taaluma ya mpakani. Huchunguza kemia inayoendeshwa ndani ya seli: jinsi protini zinavyojikunja, vimeng'enya vinavyoharakisha mimenyuko, sukari inavyovunjwa ili itoe nishati, na maelekezo yaliyomo katika DNA yanavyosomwa hadi protini ikapatikana. Katika vyuo vingi vidogo haina idara yake. Ni programu ya pamoja kati ya idara ya kemia na idara ya biolojia, inayosimamiwa na kamati ndogo ya wahadhiri wa pande zote mbili. Mpango huo una mvutano wake wa kudumu. Wakemia hutaka mwanafunzi asome termodinamiki na kemia ya fizikia kwa kina, wanabiolojia hutaka jenetiki na biolojia ya seli, na nafasi kwenye ratiba ni zile zile. Vyama vya kitaaluma husaidia kuweka kiwango. American Chemical Society huidhinisha programu za kemia, na American Society for Biochemistry and Molecular Biology, chama kilichoanza mwaka 1906, kina utaratibu wake wa kuidhinisha shahada za biokemia, pamoja na mtihani ambao mwanafunzi wa programu iliyoidhinishwa hufanya ili shahada yake itambuliwe na chama.

Jambo linalowashangaza wengi waliosoma Afrika Mashariki ni kwamba mwanafunzi hapokelewi chuoni ili asome biokemia. Tanzania na Kenya mwombaji huchagua programu kabla hajakanyaga chuo, na matokeo ya kidato cha sita au ya KCSE huamua kama ataipata. Katika chuo cha sanaa huria mtu hupokelewa kwanza, kisha huonjaonja masomo, na hutakiwa kutangaza somo lake kuu kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Aliyeingia akidhani atakuwa mchumi aweza kutoka akiwa mwanabiokemia, na kinyume chake hutokea mara nyingi zaidi.

Uhuru huo una mtego. Kozi za biokemia hutegemeana: kemia ya jumla hutangulia kemia ogania, na kemia ogania, ambayo huchukua mihula miwili, hutangulia biokemia. Mwanafunzi asiyeanza kemia katika muhula wake wa kwanza husukuma mnyororo mzima mbele kwa mwaka. Hapo hupoteza nafasi ya kusoma muhula mmoja nchi ya nje, au hufika mwaka wa nne bila kozi za juu ambazo tasnifu inazihitaji. Washauri wa masomo hurudia onyo hili kila Septemba, na kila mwaka wapo wasiolisikia. Kijana aliyetoka shule ambayo mitihani yake haikuwa na vipimo vya maabara vya kutosha ndiye anayeumizwa zaidi, kwa kuwa hushauriwa apumzike kidogo na kemia wakati kalenda haimruhusu.

Kwa hesabu ya kawaida shahada nzima ina kozi zipatazo 32, nne kila muhula, na biokemia hula kati ya kumi na moja na kumi na nne. Mwaka wa kwanza ni kemia ya jumla, biolojia ya utangulizi na kalkulasi. Mwaka wa pili ni wa kemia ogania na jenetiki, huku fizikia ikisogezwa pale inapoingia. Kemia ogania ndiyo inayochuja. Wapo wanaojaribu kuikariri, na huanguka, maana maswali ya mtihani huwa juu ya mimenyuko ambayo hawajawahi kuiona. Kinachotakiwa ni kufuata elektroni: kujua molekuli gani inazo za kutoa, ipi ina njaa nazo, na mshale upinde kutoka wapi kwenda wapi. Anayeifahamu lugha hiyo ya mishale hukuta hatua kumi za glikolisisi, yaani kuvunjwa kwa sukari, ambazo kwa mtu mwingine ni orodha ya majina magumu, zikiwa na mantiki. Fosfeti hubandikwa ili sukari isitoroke nje ya seli, molekuli ya kaboni sita hukatwa vipande viwili vya kaboni tatu, na mwishoni seli hubaki na faida ya molekuli mbili za ATP kwa kila glukosi.

Mwaka wa tatu ndio wa biokemia yenyewe na kemia ya fizikia. Mpangilio wa muhula hutofautiana. Carleton cha Minnesota hugawa mwaka katika vipindi vitatu vya wiki kumi. Colorado College, tangu mwaka 1970, hufundisha kozi moja tu kwa wakati, kila moja kwa wiki tatu na nusu, jambo linalompa mwanafunzi siku nzima ya maabara lakini likamnyima muda wa kusahau na kukumbuka upya, ambao kwa somo kama biokemia una faida yake. Amherst na Grinnell havina orodha ndefu ya kozi za lazima nje ya somo kuu. Zaidi ya semina ya mwaka wa kwanza, mwanafunzi hujipangia na mshauri wake. Kwingine lazima zipo: lugha ya kigeni, sanaa, fikra za kijamii. Shahada inayotolewa mwishoni mara nyingi huitwa B.A. hata kwa mtu aliyekaa maabarani miaka minne.

Namna darasa dogo linavyofanya kazi huonekana vizuri katika mada ya selimundu, ambayo karibu kila kozi ya biokemia huigusa. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu husafiri tofauti katika uga wa umeme ikilinganishwa na ya mtu asiye na ugonjwa. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, aligundua kwamba tofauti yote ni asidi amino moja: katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, valini imekaa mahali pa asidi ya glutamiki. Asidi ya glutamiki ina chaji na hukaa vyema kwenye maji; valini huyakimbia. Oksijeni inapopungua, himoglobini zenye valini hushikamana kwa sehemu hizo zinazokimbia maji, zikajenga nyuzi ndefu zinazoipinda chembe nyekundu ya damu. Hadi hapo ni kemia.

Kisha huja swali la kwa nini jeni hatari namna hiyo haikutoweka. Jibu lilitolewa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, kwa takwimu na majaribio ya Afrika Mashariki: mwenye nakala moja ya jeni hupata kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana jeni hiyo imeenea kule malaria ilikoenea. Katika ukumbi wa wanafunzi mia tatu mhadhara huishia hapo na kengele inalia. Katika chumba cha watu kumi na watano, mmoja wao akiwa ametoka kwenye semina ya historia ya ukoloni saa moja kabla, swali linalofuata ni damu hiyo ilichukuliwa kwa nani na kwa ridhaa gani, na mwingine aliyesoma takwimu atataka kuona ukubwa wa sampuli. Mchanganyiko huo wa masomo, ambao vipeperushi vya vyuo huusifu kwa maneno makubwa, thamani yake halisi huonekana katika maswali ya aina hiyo kuliko katika vipeperushi.

Vitabu vinavyotumika ni vile vile vya vyuo vikuu vikubwa: Lehninger, Stryer, Voet. Pengine si sadfa kwamba viwili kati ya hivyo vina waandishi waliofundisha vyuo vidogo. Judith Voet, aliyeandika na mumewe Donald, alikuwa profesa wa kemia Swarthmore. John Tymoczko, mmoja wa walioendeleza kitabu alichokianzisha Lubert Stryer mwaka 1975, alifundisha Carleton. Mtu anayefundisha kozi ile ile kila mwaka, akisahihisha kwa mkono wake, huziona kona ambazo wanafunzi hujikwaa.

Maabara ndiyo moyo wa mafunzo haya. Kila wiki mwanafunzi huwa na alasiri moja ya saa tatu au nne, na badala ya majaribio kumi yasiyohusiana, kozi nyingi siku hizi humpa kazi moja ya muhula mzima. Kazi inayopendwa ni kutengeneza na kusafisha protini. Mara nyingi huchaguliwa ile protini ya kijani inayotokana na yavuyavu Aequorea victoria, yenye asidi amino 238, kwa sababu hung'aa chini ya taa ya urujuanimno na hivyo mwanafunzi huiona kwa macho yake inakokwenda. Jeni yake hupachikwa katika bakteria E. coli, bakteria hukuzwa usiku kucha kwenye chupa zinazotikiswa, kisha huongezewa kemikali inayoamuru jeni ianze kazi. Siku ya pili hupasuliwa kwa mawimbi ya sauti, na mabaki hushushwa chini kwa mashine inayozungusha mirija kwa kasi kubwa.

Kinachobaki ni supu yenye maelfu ya protini za bakteria, na moja tu ndiyo inayotafutwa. Ili kuitenga, protini huwa imeongezewa mkia wa histidini sita. Supu hupitishwa kwenye mrija uliojazwa chembe ndogo zilizobeba nikeli; histidini hunata kwenye nikeli, protini nyingine hupita. Kisha humiminwa imidazoli, ambayo hugombania nikeli na kuisukuma protini itoke. Matone ya kijani hukusanywa. Kiasi chake hupimwa kwa njia aliyoichapisha Marion Bradford mwaka 1976: rangi ya Coomassie hugeuka bluu inaposhika protini, na spektrofotomita husoma ukolevu wa bluu hiyo kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 595. Usafi hukaguliwa kwa kuikimbiza sampuli kwenye jeli kwa umeme. Mstari mmoja mzito karibu na kilodaltoni 27 ni furaha. Mistari kumi ni kazi ya wiki ijayo.

Mara nyingi huwa mistari kumi. Jeli huvuja, bafa huandaliwa kwa pH isiyo yake, mtu husahau barafu na protini ikaharibika mezani. Katika maabara iliyopangiwa saa tatu na msimamizi asiyefahamu sana, kosa hufichwa kwa kunakili namba za meza ya jirani. Mbele ya profesa ambaye ameona kosa hilo mara nyingi, mwanafunzi huulizwa aeleze kilichotokea, afungue daftari lake la maabara na aonyeshe hatua. Daftari lenyewe husahihishwa: wino tu, hakuna kufuta, tarehe kila ukurasa. Kwa kipimo cha mtu yeyote aliyewahi kusoma ripoti za maabara, aya inayoeleza kwa uaminifu kwa nini jaribio lilikwama ina elimu zaidi ya jedwali lililonyooka.

Hatua inayofuata ni kupima kasi ya kimeng'enya. Hapa mwanafunzi hukutana na mlingano wa Leonor Michaelis na Maud Menten wa mwaka 1913, uliotokana na kazi yao juu ya invatesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya kawaida kuwa glukosi na fruktosi. Mirija kadhaa huandaliwa yenye kimeng'enya kiasi kile kile lakini sukari kiasi tofauti, na kasi ya kila mmoja hupimwa. Mwanzoni kasi hupanda sukari inapoongezwa, kisha hupungua kupanda, mwishowe hukaribia kikomo, kwa sababu kila molekuli ya kimeng'enya tayari imeshughulika. Kiasi cha sukari kinacholeta nusu ya kasi hiyo ya juu huitwa Km, na humwambia mtafiti jinsi kimeng'enya kinavyofanya kazi pale malighafi inapokuwa haba. Baadhi ya vyuo hubadilisha asidi amino moja katika kimeng'enya na kuwaachia wanafunzi wagundue Km imekwenda wapi. Jibu hilo halimo kitabuni, na profesa naye halijui. Ni utafiti mdogo, lakini ni utafiti.

Umbo la protini nalo husomwa kwa kompyuta. Protein Data Bank, hazina ya maumbo ya protini iliyofunguliwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba, leo ina zaidi ya laki mbili na haimtozi mtu yeyote. Kwa chuo kisicho na mashine za mamilioni ya dola hii ni neema: mwanafunzi mwenye kompyuta ya mkononi huzungusha himoglobini kwenye kioo, akaitafuta nafasi ya sita ya mnyororo wa beta na kuona kwamba iko nje, mahali ambapo himoglobini nyingine inaweza kuigusa.

Mwaka wa nne huwa wa utafiti. Reed cha Oregon na Wooster cha Ohio humtaka kila mwanafunzi, wa sayansi na wa fasihi, aandike kazi ya mwisho chini ya mwalimu mmoja. Kwingine tasnifu ni ya wanaotafuta shahada ya heshima. Swarthmore kina utaratibu wa pekee ulioanza mwaka 1922 chini ya rais wake Frank Aydelotte kwa kufuata mfano wa Oxford: wanafunzi wa heshima hutahiniwa na wataalamu kutoka nje ya chuo, kwa maandishi na kwa mdomo. Mwalimu hapo si mtahini. Hukaa upande wa mwanafunzi, wote wawili wakimngoja mgeni, na hilo hubadilisha kabisa mazungumzo ya mwaka mzima.

Semina za mwaka huu husoma makala asilia badala ya vitabu. Moja inayosomwa sana inatokana na kazi ya Christian Anfinsen, ambaye mwenyewe alihitimu Swarthmore mwaka 1937. Anfinsen alichukua ribonyukliesi, kimeng'enya chenye asidi amino 124, akakikunjua kwa urea na kukata madaraja manne ya salfa yanayoshikilia umbo lake. Kikafa. Alipoziondoa kemikali hizo taratibu, kikajikunja chenyewe na kurudi kazini. Hapo wanafunzi hupewa hesabu ya kufanya papo hapo: sisteini nane, yaani asidi amino zenye salfa zinazounda madaraja hayo, zaweza kuungana mbili mbili kwa njia saba mara tano mara tatu, yaani 105. Kimeng'enya kilichagua moja, ile ile ya mwanzo. Kwa hiyo maelekezo ya umbo yamo katika mfuatano wa asidi amino wenyewe. Kwa kazi hiyo Anfinsen alipata sehemu ya Nobeli ya kemia mwaka 1972. Mwaka huo huo sehemu ya Nobeli ya tiba ilikwenda kwa Gerald Edelman, mhitimu wa chuo kingine kidogo cha Pennsylvania, Ursinus.

Orodha ya washindi wa Nobeli waliotoka vyuo vidogo ni ndefu. Thomas Cech, aliyegundua, kama alivyogundua Sidney Altman kwa kazi yake tofauti, kwamba RNA nayo huweza kuharakisha mimenyuko, alihitimu Grinnell mwaka 1970. Peter Agre, mgunduzi wa milango ya maji katika utando wa seli, alisoma kemia Augsburg cha Minneapolis. Howard Temin na David Baltimore, walioshiriki Nobeli ya mwaka 1975, wote walitoka Swarthmore. Jennifer Doudna, wa mkasi wa jeni uitwao CRISPR, alihitimu Pomona mwaka 1985. Orodha hizi hupendwa na ofisi za udahili na zisomwe kwa tahadhari, kwa kuwa hazimtaji aliyesoma chumba kimoja na Doudna akaacha kemia. Hoja yenye uzito zaidi ni ile aliyoitoa Cech mwenyewe mwaka 1999 katika jarida la Daedalus: kwa kulinganisha idadi ya wahitimu, vyuo vya sanaa huria hutoa watu wanaofikia udaktari wa sayansi kwa kiwango kipatacho mara mbili ya wastani wa taasisi zote za shahada ya kwanza. Hata hapo ni lazima kukumbuka kwamba vyuo bora vya kundi hilo huchagua wanafunzi waliokwisha kuwa hodari.

Mapungufu nayo ni ya kweli. Idara yenye wahadhiri wawili wa biokemia haiwezi kutoa kozi nyingi za juu. Ya vimeng'enya au ya biolojia ya virusi huja kila mwaka wa pili, na mhadhiri akienda likizo ya utafiti haiji kabisa. Darubini za elektroni za kutazama protini zilizogandishwa na vipima uzito wa molekuli vya hali ya juu havipo, na sampuli hupelekwa chuo kikuu cha jirani. Vyuo vingine hupunguza tatizo kwa kushirikiana: mwanafunzi wa Haverford husoma kozi Bryn Mawr au Swarthmore, na wa Amherst huvuka hadi chuo kikuu cha jimbo kilichoko mji huo huo. Utafiti hutambaa, maana profesa anafundisha muhula mzima na mwanafunzi akishaiva anahitimu. Makala moja yaweza kupita mikononi mwa vizazi vinne vya wanafunzi kabla ya kuchapishwa.

Ndiyo maana kiangazi ni muhimu. Wiki nane hadi kumi za kati ya Juni na Agosti, bila darasa lolote, ndipo kazi husonga, na mwanafunzi hulipwa posho. National Science Foundation hufadhili nafasi za kiangazi katika vyuo vikuu mbalimbali, lakini nafasi hizo ni za raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Mwanafunzi kutoka Arusha au Eldoret hutegemea fedha za chuo chake mwenyewe, na anayejua hivyo mapema humwendea profesa mwezi wa Desemba au Januari, si Mei.

Gharama hukatisha tamaa: bei iliyotangazwa, chumba na chakula vikiwemo, katika vyuo vingi vya kundi hili imepita dola 80,000 kwa mwaka. Wanaolipa zote ni sehemu tu ya wanafunzi. Vichache, Amherst na Bowdoin vikiwa miongoni mwavyo, hupokea waombaji wa kigeni bila kuangalia uwezo wao wa kulipa na kisha hufidia upungufu wote. Vingine hufidia lakini huangalia uwezo wakati wa kuchagua. Kenya ina programu ya KenSAP, iliyoanza mwaka 2004, inayowaandaa vijana wenye alama za juu kuomba vyuo hivyo. Njia yenyewe ni ya zamani. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960 katika safari za ndege zilizopeleka wanafunzi Marekani, akasoma biolojia katika chuo kidogo cha Kikatoliki cha wasichana, Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas, akahitimu mwaka 1964 na kuendelea na uzamili Pittsburgh.

Baada ya shahada njia hugawanyika. Wanaotaka udaktari wa binadamu hukabili mtihani wa MCAT, ambao tangu mwaka 2015 umeipa biokemia uzito mkubwa. Hata hivyo vyuo vingi vya tiba vya Marekani havipokei raia wa kigeni, na mshauri mkweli hulisema hilo mwaka wa kwanza. Uzamivu wa biokemia uko wazi zaidi, kwa kuwa idara nyingi hulipa ada na posho ya mwanafunzi bila kujali uraia wake, na barua ya profesa aliyekaa naye maabarani miaka miwili huwa na uzito kuliko ya aliyemwona kwenye orodha ya mahudhurio. Wengine huingia kampuni za dawa kama mafundi wa maabara, wakitumia ruhusa ya kazi ya miezi kumi na miwili ambayo, kwa kanuni iliyoanza mwaka 2016, huongezwa miezi ishirini na minne kwa waliosoma sayansi.

Anayerudi nyumbani hukutana na kazi ya makaratasi. Tanzania shahada za nje hutathminiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na cheti cha B.A. chenye neno biokemia huibua maswali kwa ofisa aliyezoea B.Sc. Nakala rasmi ya matokeo peke yake haijibu, maana jina la kozi halionyeshi saa za maabara. Wahitimu hushauriwa waombe chuo, kabla ya kuondoka, maelezo ya kila kozi yenye muhuri, yakitaja mada, vitabu na saa za vitendo, pamoja na nakala ya tasnifu.